Fundi wa gitaa wa bei nafuu: mkabidhi kazi ipi, mnyime ipi

Barua nyingi za safari hii zinahusu mafundi wa gitaa wanaojitegemea: wa kibandani, wa nyumbani, wa kona ya duka la mtu mwingine. Tumezijibu zote kwa kipimo kimoja. Kabla ya kuuliza kama fundi ni mwaminifu, uliza kama kazi anayotaka kuifanya inaweza kurudishwa nyuma ikiharibika. Nati iliyokazwa hulegezwa. Chuma kilichopigwa tupa hakioti tena.

Nina gitaa la akustika la nyuzi za chuma, nililinunua likiwa limetumika. Nyuzi ziko juu mno, kordi ya F naipata kwa machozi. Fundi mmoja mwenye kibanda nyuma ya River Road anataka shilingi 1,500 azishushe. Duka moja katikati ya jiji limesema 6,000 na nisubiri wiki mbili. Fundi hana bango wala risiti. Nimwendee?
*Mpiga gitaa wa kwaya, Kahawa West*

Ndugu, bei hiyo peke yake haikwambii kitu. Kushusha nyuzi ni kazi ya saa moja au mbili kwa mtu anayeijua, na vifaa vyake ni vichache: seti ya nyuzi, msasa, pengine kipande cha mfupa. Dukani unalipia pia pango na karani. Waulize kazi yenyewe inafanyiwa wapi, maana ikiwa gitaa litabebwa kupelekwa kwa fundi wa nje, hizo 4,500 za ziada zinalipia usafiri na jina. Kwa fundi wa kibanda swali la kwanza ni kama 1,500 ni pamoja na nyuzi mpya, na ni nyuzi gani. Seti nzuri inakula sehemu kubwa ya pesa hizo, kwa hiyo akisema ndiyo bila kutaja aina, jihadhari.

Usiende mikono mitupu. Lipime mwenyewe kwanza, ili umsikilize fundi ukiwa na namba kichwani. Unahitaji rula ya chuma yenye alama za nusu milimita, kapo (kile kibanio cha kubana nyuzi zote kwenye shingo), na fila za makanika, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya wa plagi. Kama huna fila, karatasi ya printa ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo karatasi tatu zikibanwa pamoja ni milimita 0.3. Lityuni gitaa kikamilifu kabla ya kupima chochote. Nyuzi zikilegea, shingo hubadilika na namba zote zinakuwa za uongo.

Anza na shingo. Weka kapo kwenye freti ya 1 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo, huhesabiwa kutoka kichwani), kisha ubonyeze uzi wa sita, ule mnene kabisa, pale shingo inapokutana na mwili, kwa kawaida freti ya 14. Uzi sasa ni rula iliyonyooka. Tazama mwanya kati yake na freti ya 7: milimita 0.2 hadi 0.3 ni sawa. Ukiwa mkubwa zaidi shingo imevutwa mbele. Usipokuwapo kabisa, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda nyuma, na hapo ndipo nyuzi hulia zzz kwenye freti za mwanzo.

Toa kapo, upime freti ya 12, kutoka kichwa cha freti hadi chini ya uzi. Uzi wa sita ukae kati ya milimita 2.4 na 2.8, wa kwanza karibu 1.8 hadi 2.0. Mwisho, bonyeza kila uzi kwenye freti ya 3 na utazame juu ya freti ya 1. Panapaswa kuwa na mwanya wa unywele tu. Ukiuona waziwazi kutoka mbali, mifereji ya kifupa cha kichwani, kile nyuzi zinapopita kabla ya funguo za kuzikazia, iko juu. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida kabisa ya F kuumiza, hata pale freti ya 12 inapokuwa sawa.

Kila kipimo kina kazi yake. Mwanya wa shingo hurekebishwa kwa chuma kilicho ndani ya shingo, nati yake ikiwa kichwani chini ya kifuniko kidogo au ndani ya tundu la sauti. Kukaza kuelekea upande wa saa hunyoosha shingo, kulegeza huiachia ivutwe mbele. Fundi mzuri huzungusha robo mzunguko, anatyuni upya, anapima tena. Akizungusha mzunguko mzima kwa mkupuo, chukua gitaa lako uende. Nati ikiwa ngumu huachwa, kwa sababu chuma kikikatika ndani ni lazima ubao wa vidole ubanduliwe, na kwa magitaa mengi ya bei ya chini huo ndio mwisho wa hesabu.

Kimo cha freti ya 12 hushushwa kwenye kifupa cha darajani, kile kinachobeba nyuzi juu ya daraja, yaani mbao iliyogundishwa mwilini zinapofungwa nyuzi. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo ukitaka kushuka milimita 1 pale, kifupa kinapunguzwa milimita 2. Tuseme una 3.6 unataka 2.6, basi tazama kifupa kimesimama kiasi gani juu ya mbao ya daraja. Kikiwa na milimita 5 hakuna neno. Kikiwa na 2 na bado nyuzi ziko juu, kasoro haiko kwenye kifupa. Pembe ya shingo imelala. Hakikisha kwa kulaza rula ndefu juu ya freti kuelekea darajani: ncha yake inapaswa kugusa juu ya mbao ya daraja au kupita juu yake kidogo. Ikigonga ubavu wa daraja chini zaidi, shingo inataka kung'olewa na kupachikwa upya kwa pembe nyingine. Kazi hiyo hugharimu kuliko bei ya magitaa mengi ya kujifunzia. Fundi akikwambia "tutapiga tupa tu" mbele ya gitaa la namna hiyo, hajaona ugonjwa.

Sasa ukifika kibandani, angalia zaidi kuliko unavyouliza. Je, amelityuni kabla ya kulipima? Amelichungulia shingo kwa jicho kutoka kichwani? Kifupa cha darajani anakitoa na kukisugua upande wa chini, juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo au kitu kilichonyooka, au anakipiga tupa juu kikiwa bado kimekaa? Upande wa chini ukipinda, mtetemo haufiki vizuri darajani, na kama kuna pikapu (kinasa sauti cha kupeleka kwenye spika) chini ya kifupa, nyuzi mbili tatu zitasikika hafifu kwenye spika. Gitaa lenye pikapu hiyo ni kazi ya kupima mara mbili.

Njia ya kumpa kazi bila kuhatarisha kitu ni hii: mwambie achonge kifupa kipya na kile cha zamani akurudishie mkononi. Mfupa wa ng'ombe si kitu adimu Nairobi, kuna wachongaji Kibera wanaoutengenezea vipuli na vifungo. Uwe umechemshwa mafuta yakatoka na kukauka vizuri, unene wake ulingane na mfereji wa daraja, mara nyingi karibu milimita 3, uingie kwa kusukumwa na kidole bila kugongwa nyundo. Kazi ikiharibika, unarudisha cha zamani na hasara yako ni mfupa na muda.

Mifereji ya kifupa cha kichwani ndiyo ya kumchunga. Ikizama kupita kiasi, uzi usiobonyezwa hulia zzz, na dawa ya kweli ni kifupa kipya. Kuujaza mfereji kwa unga wa baking soda na supaglu ni kiraka kinachofaa kumaliza ibada ya Jumapili. Fundi akikuuzia kama tiba, punguza bei.

Fundi anayetaja bei kwa simu kabla ya kuliona gitaa hatupendezwi naye. Anayesema "lilete nilione" anastahili nauli yako ya matatu.

Jambo la mwisho kwako. Mbao hufyonza unyevu: wakati wa mvua ndefu za Machi hadi Mei ubao wa mbele huvimba na nyuzi hupanda, kisha Januari na Februari kukikauka hushuka na ncha za freti huanza kukwaruza mkono. Gitaa lililotoka Mombasa juzi liache wiki mbili Nairobi kabla ya kulipeleka kwa mtu yeyote.

Daraja la gitaa la kanisa limeanza kuinuka upande wa nyuma. Karatasi inaingia chini yake. Seremala tunayemwamini wa Ngong Road anasema atatia Araldite na skrubu mbili, halitainuka tena. Anataka 800.
*Kiongozi wa sifa, Kawangware*

Skrubu hapana, Araldite hapana. Seremala mwenyewe huenda ndiyo.

Kwanza legezeni nyuzi leo hii, zote. Seti ya akustika ya unene wa kawaida, ile inayoanzia inchi 0.012, inavuta daraja kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, mchana na usiku. Kila siku inayopita nyuzi zikiwa zimekazwa, daraja linang'oa nyuzinyuzi za mbao na kufanya ukarabati uwe mgumu.

Skrubu hazifai kwa sababu ubao wa mbele wa gitaa una unene wa milimita 2.5 hadi 3 tu. Hakuna nyama ya kushika skrubu. Zinachofanya ni kufungua njia ya ufa. (Kuna viwanda vinavyotia bolti ndogo chini ya vidoti vyeupe vya daraja. Mkiziona, ziachwe, ila zifunguliwe kabla daraja halijabanduliwa.) Araldite kwa upande wake huganda juu ya gundi kuukuu na vanishi, haifiki kwenye mbao, na likija kuinuka tena huondoka na kipande cha ubao. Fundi atakayefuata atakuwa na shimo la kujaza.

Kazi inavyopaswa kwenda: nyuzi na vipini vya daraja vinatolewa, na kifupa pia. Daraja linapashwa moto taratibu, kisha kisu chembamba kisicho na makali kinapitishwa chini yake kutoka pale palipoachia tayari, kwa kufuata mkondo wa mbao. Halilazimishwi. Likishatoka, pande zote mbili zinakwanguliwa hadi mbao safi. Hapa ndipo penye siri ya madaraja mengi ya bei rahisi kuinuka: kiwandani waliligundisha sehemu juu ya vanishi, na gundi haishiki vanishi. Alama ya daraja ichorwe kwa penseli na vanishi iliyo ndani ya alama iondolewe karibu kabisa na mpaka.

Kabla ya gundi, daraja linawekwa kavu na kubanwa, kuona kama linakaa bila mwanya. Gundi iwe ya mbao ya manjano ya aina ya Titebond Original, au gundi ya ngozi inayopashwa moto kwa anayeijua. Gundi nyeupe ya kawaida ya dukani hushika vizuri meza na viti lakini hutambaa polepole ikivutwa bila kupumzika, na daraja la gitaa linavutwa bila kupumzika. Zinahitajika klampi tatu zenye shingo ndefu zinazopita kwenye tundu la sauti, na ndani kiwekwe kipande cha mbao kilichochongwa kupisha mbavu, zile fito za ndani zinazoshikilia ubao, zisije zikavunjwa na klampi. Gundi inayotoka pembeni ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya dakika chache. Kisha saa 24 bila kuguswa, ndipo nyuzi zirudi.

Seremala anajua gundi kuliko mafundi wengi wa gitaa. Anachokosa ni klampi za shingo ndefu na ufahamu kwamba ubao ule ni mwembamba. Mkalishe chini, mweleze hatua hizi, na mwone anavyozipokea. Akiuliza maswali, mpeni kazi. Akicheka na kurudia habari ya skrubu, 800 hizo zina gharama kubwa mbele.

Na ulizaneni gitaa hukaa wapi katikati ya juma. Stoo yenye paa la mabati lisilo na dari, au buti ya gari lililoegeshwa juani, hulainisha gundi nzima ya gitaa. Kabla hamjafunga kazi, ingizeni simu kwenye tundu la sauti na mpige picha za mbavu za ndani. Gongeni ubao kwa kidole. Mkisikia kitu kikicheza, kuna ubavu umeachia, na wenyewe ugundishwe kwanza.

Mwanangu wa miaka 12 anajifunza kwa gitaa la nyuzi za nailoni. Zilipokatika, fundi aliweka za chuma akisema ndizo ngumu. Sasa nyuzi zimeinuka sana. Nimrudie?
*Mzazi, Buruburu*

Mama, zilegeze sasa hivi na usimrudie. Gitaa la nailoni limejengwa kubeba karibu kilo 40, na mara nyingi shingo yake haina chuma ndani. Nyuzi za chuma zinakaribia kuizidishia mara mbili. Kama daraja halijang'oka na ubao wa mbele haujavimba nyuma ya daraja, huenda limeokoka. Nunua seti ya nailoni ya mvuto wa kawaida, zifungwe kwa fundo darajani, na mwambie kijana asishangae zikilegea kwa siku kadhaa za mwanzo. Kimo cha kawaida cha gitaa hilo kwenye freti ya 12 ni milimita 4 upande mnene na 3 upande mwembamba, kwa hiyo lisilinganishwe na la rafiki yake wa nyuzi za chuma.

Besi yangu inakata sauti nikiigusa kebo. Naweza kumpa fundi wa redio wa Luthuli Avenue badala ya fundi wa gitaa? Pia kanisani nikigusa maikrofoni kwa mdomo napigwa shoti kidogo.
*Mpiga besi, Umoja*

Dalili hiyo mara nyingi ni ya jeki, lile tundu la kuchomekea kebo, na kwa kazi ya jeki fundi wa redio anafaa, pengine kuliko wa gitaa. Kulehemu ndiko kula kwake. Mwambie mambo matatu tu. Kama besi yako ina betri ya volti 9, jeki yake ina miguu mitatu, kwa sababu kuchomeka kebo ndiko kunakowasha betri. Akibadilisha kwa jeki ya miguu miwili, ama haitawaka ama betri itakwisha bila kupigwa. Pili, apige picha nyaya kabla ya kuzifungua. Tatu, volyumu zinazokwaruza zisafishwe kwa dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme, asipulizie mafuta ya kulegeza bolti. Mafuta hayo hunyamazisha kelele kwa muda, kisha hubaki ndani na kukusanya vumbi. Ikibidi volyumu ibadilishwe, asome namba ya ile ya zamani, mara nyingi kilo-ohm 250 au 500, na aweke iyo hiyo. Ukiweka 250 mahali pa 500 sauti inazama.

Mtihani wa bure ukirudishiwa: iwashe, usikilize mvumo, kisha uguse nyuzi. Mvumo ukipungua, waya wa ardhi wa daraja umeunganishwa. Usipobadilika kabisa, huenda ameusahau.

Shoti ya maikrofoni ni jambo jingine kabisa na si la fundi wa besi. Ina maana ampu yako na mixa ya kanisa haziko kwenye ardhi moja, pengine kwa sababu ya ekstensheni isiyo na waya wa ardhi au plagi iliyong'olewa mguu wa tatu. Umeme wetu ni volti 240. Acheni kupiga hadi fundi wa umeme apime soketi na ekstensheni zote. Leo ni kidogo, kesho mdomo una jasho.

Freti zimechimbika chini ya nyuzi nyembamba. Fundi anasema atazipiga msasa kwa 1,000 nikisubiri, nusu saa tu.
*Kijana wa benga, Dandora*

Nusu saa hapana. Kusawazisha freti ishirini na kitu vizuri ni kazi ya saa kadhaa, na hii ndiyo kazi tunayoihofia kuliko zote kwenye barua za leo, kwa sababu kila anachokwangua kimekwenda.

Kwanza jua kama kuna chuma cha kutosha. Freti mpya ya ukubwa wa kati ina kimo cha karibu milimita 1.1. Pima zako kwa kalipa katika sehemu isiyochimbika, kisha kadiria kina cha shimo. Kama kusawazisha kutaziacha chini ya milimita 0.6 au 0.7, usizikwangue. Hapo ni kubadilisha zile zilizokwisha, na kwa mpigaji wa benga anayeshinda juu ya shingo kwenye nyuzi mbili tatu, kubadilisha freti chache tu kunaweza kutosha.

Tafuta pia freti iliyoinuka. Chukua kadi ya benki, isimamishe kwa ukingo wake mrefu juu ya freti tatu mfululizo; kwenye freti za juu tumia ukingo mfupi. Ikicheza kama mizani, ya katikati imeinuka. Wakati mwingine freti moja iliyolegea ndiyo inayoleta kelele yote, na kuigonga irudi mahali pake kunamaliza shida bila msasa hata kidogo. Fundi asiyeanza na hilo anauza kazi kubwa mahali pa ndogo.

Vifaa vyake viwe hivi: tepu ya kufunika mbao kati ya freti, kalamu ya wino mzito ya kupaka vichwa vyote ili ajue tupa imegusa wapi, boriti iliyonyooka kweli yenye msasa namba 320 au 400, na tupa maalumu yenye mfereji wa mviringo. Hiyo tupa ya mwisho ndiyo ya kuuliza. Baada ya kusawazishwa, freti huwa bapa juu. Isipochongwa tena mviringo, uzi hugusa ukingo usio wake na noti hutoka kali kidogo, huku nyingine zikilia zzz. Hapo hata programu ya kutyuni kwenye simu haikusaidii, maana uzi wazi utakuwa sawa na freti ya 5 itakuwa imepotoka. Baadaye ni msasa namba 600, 1000, 2000 na sufu laini ya chuma, pikapu zikiwa zimefunikwa kwa tepu, kwani sumaku zake hunyonya vumbi la chuma.

Hana tupa ya mfereji? Mpe kazi ya kubadilisha nyuzi na kupima kimo. Freti, mwingine.

Nasikia gitaa huingia kwa fundi na funguo nzuri likatoka na za bandia. Nijilinde vipi bila kumkosea adabu?
*Dada wa South B*

Dada, piga picha mbele yake, kwa uwazi: mbele, nyuma, funguo zote, pikapu, daraja, namba ya gitaa na lebo iliyo ndani ya tundu la sauti. Fundi wa haki hatakasirika, atakuomba umtumie naye ajikinge na mteja atakayedai mkwaruzo wa zamani. Mtumie kwa WhatsApp pamoja na maneno machache: kazi gani, bei gani, nani ananunua vipuri, gitaa litakuwa tayari lini. Akijibu "sawa", hayo ni makubaliano.

Lipa kwa M-Pesa, usilipe taslimu. Malipo ya kwanza yasizidi bei ya vipuri. Yaliyosalia utoe baada ya kulipiga dakika kumi papo hapo, kila freti ya kila uzi. Vipuri vya zamani urudishiwe, hata vilivyovunjika. Muulize pia gitaa linalala wapi usiku. Kibanda chenye kufuli moja si kosa lake, lakini ni sababu ya kulipeleka asubuhi ya kazi na kulichukua jioni.

Mambo yakiharibika kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujitetea bila wakili. Ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo ya WhatsApp ndiyo ushahidi wako. Kwa gitaa la 9,000 ni safari ndefu. Kwa la 90,000 si ndefu.

Gitaa limeanguka, kichwa kimevunjika lakini hakijaachana kabisa. Rafiki anasema supaglu. Fundi wa mtaani anataka 2,500.
*Mwanafunzi, Githurai*

Supaglu usiiguse. Inaganda kabla ya ufa kufunga na kuziba matundu ya mbao, gundi ya kweli isipate pa kushika. Legeza nyuzi zote, usikijaribishe kichwa kwa kukipindapinda, na usipoteze hata kibanzi.

Tazama ufa ulivyokwenda. Ukiwa umekata mshazari, mrefu, sentimita kadhaa, eneo la gundi ni kubwa na gundi ya mbao ya manjano ikibanwa vizuri itashika kwa miaka. Hapo 2,500 ni bei ya haki. Ukiwa umekata mkato mfupi, karibu wima, gundi peke yake haitoshi. Fundi anapaswa kuzungumzia vipande vya mbao vya kupachikwa kuvuka ufa. Asipovitaja, uliza, na usikilize jibu.

Muulize ataingizaje gundi ndani kabisa ya ufa, na atabana kwa nini. Majibu mazuri: ataufungua kidogo na kuisukuma kwa bomba la sindano au kisu chembamba, kisha klampi zenye vipande vya mbao vilivyokingwa kwa nailoni, au ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli ukizungushwa kwa nguvu. Nati ya chuma cha shingo ikiwa iko kichwani, gundi isiingie humo, la sivyo shingo haitarekebishika tena. Saa 24 kwenye klampi, na siku moja zaidi kabla ya kukaza nyuzi hadi noti zake. Ukilichukua, pitisha ukucha juu ya mshono: ukikwama, hakikubanwa sawasawa, na ni afadhali umwambie hapo hapo kuliko ukiwa umeshafika Githurai.